Namba za Bi Haya

Mwenye duka la karatasi alikuwa amesharudishiwa rimu tatu, na asubuhi hiyo akaiona ya nne ikiingia mlangoni, kwapani mwa Jicho. Jicho aliitua juu ya kaunta, akachomoa karatasi moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuigeuza huku na huku kama askari anayekagua pasipoti.

"Na hii nayo ni ya njano," akasema.

Mwenye duka aliitazama karatasi, akamtazama Jicho, akaitazama tena karatasi. Alikuwa mtu mpole, lakini upole nao una mahali unapoishia.

"Mzee wangu, nyeupe kuliko hii labda nikuuzie maziwa."

Jicho hakucheka. Alichukua rimu ya chapa nyingine, ya tano, akatoka akinung'unika kwamba siku hizi viwanda vinaiba mpaka weupe. Na si viwanda tu. Nyumbani mke wake alikuwa anabania sabuni, mashuka yote yameingia rangi ya chai ya maziwa, na akiulizwa anaapa kwamba ni meupe pepepe. Balbu mpya alizouziwa zilitoa mwanga wa njano, bila shaka zililala stoo miaka. Hata fundi wa rangi aliyempakia kuta za karakana alikuwa amechanganya makopo. Jicho alikuwa anapunjwa kulia na kushoto, na angeyavumilia yote hayo kama si lile kubwa lililokuwa linamkosesha raha: kuna mtu alikuwa anamchezea Bi Haya.

Bi Haya hakuwa mwanamke, msimfikirie mzee wa watu vibaya. Alikuwa nyota. Nyota nyekundu katika kundi la Nyangumi, yenye tabia ya kuwaka mpaka ikaonekana kwa macho matupu, halafu kufifia miezi na miezi mpaka uitafute kwa darubini kama sindano iliyoanguka zuliani. Kutoka mwako mmoja hadi mwingine ni miezi kumi na moja hivi. Anajitokeza, anatazamwa, anaona aibu, anajifunika. Ndiyo maana wakampa jina hilo.

Na Jicho halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa kazi. Kwa miaka thelathini alikuwa akichonga lenzi za miwani katika karakana ya chumba cha chini cha nyumba yake, akiwakalisha watu kwenye kiti chenye mto uliotoka pamba, akiwabadilishia vioo na kuwauliza swali lilelile: "Ya kwanza, au ya pili?" Nusu ya mtaa ilikuwa inaona kwa hisani yake. Kioo cha darubini iliyosimama juu ya dari, lile paa bapa la nyumba, alikichonga mwenyewe kwa mikono yake, miezi saba ya kusugua, na kikundi cha watazama nyota kilichokutana hapo juu kilikuwa chake kwa kila hali isipokuwa karatasi za usajili, ambazo hazikuwepo.

Walikuwa wanne. Jicho mwenyewe. Mwalimu, mzee wa fizikia aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kufafanua. Bi Tanuri, mwenye kiwanda cha mikate cha kona ya pili, mwanamke mnene wa kicheko na mwembamba wa subira. Na wa nne, aliyejiunga miaka miwili iliyopita, alikuwa Shemeji, kaka wa mke wa Jicho, msoma mita za maji.

Hapo kwenye kazi ya Shemeji ndipo mambo yalipokuwa yanamkaa Jicho kooni. Kila mtu anajua wasoma mita wanavyosoma mita. Wanatafuta kivuli, wanaagiza chai, wanaikumbuka namba ya mwezi uliopita, wanaongeza kidogo. Shemeji mwenyewe alikuwa ameshakiri, mbele ya watu, tena akicheka, kwamba wakati akiwa mgeni kazini alisoma barabara nzima bila kunyanyuka kwenye benchi. Mtu wa namna hiyo unamkabidhi nyota?

Kazi yao ilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliitunga Jicho. Kila jioni yenye anga safi, kila mmoja anatazama kwenye darubini peke yake. Anamlinganisha Bi Haya na majirani zake, yaani nyota za pembeni ambazo mng'aro wake unajulikana, kisha anaandika namba kwenye kikaratasi. Namba zenyewe ni kama nafasi za darasani: wa kwanza ndiye anayeng'aa zaidi, na kadiri namba inavyokua ndivyo nyota inavyofifia. Kikaratasi kinakunjwa mara nne na kutumbukizwa kwenye kopo lenye kufuli. Marufuku kumwambia mwenzako namba yako, leo wala kesho, kwa sababu jicho likishasikia namba ya mtu, linaacha kuitazama nyota na kuanza kuitazama namba. Anayevunja sheria anatoka kwenye kikundi, na hakuna kurudi. Mwisho wa mwezi Jicho anafungua kopo, anapiga wastani, anauandika kwenye kitabu kikubwa cha jalada gumu na kubandika mchoro wa mwezi ukutani mwa karakana ili wote wauone.

Miaka tisa namba zilikaa pamoja kama vifaranga. Halafu akaja Shemeji. Haikupita miezi mingi Jicho akaanza kuona, kila akifungua kopo, namba tatu ziko huku na yake iko kule. Mwanzoni kwa nukta moja. Kisha mbili. Sasa ilikuwa nne, wakati mwingine tano. Na zile tatu zilikuwa zinafanana mno. Mwanagenzi, msoma mita, anawezaje kupatana na Mwalimu kila jioni, huku Jicho mwenyewe, jicho la mtaa, akiachwa pembeni? Jibu lilikuwa moja tu: wananong'onezana. Shemeji hatazami chochote. Anapewa namba, au anawapa wenzake yake, na wao kwa uvivu wanaipokea.

Alichokifanya Jicho kuhusu jambo hilo kwa miezi ile yote hakumwambia mtu, na hata yeye mwenyewe hakupenda kukisema kwa sauti. Aliacha kupiga wastani. Alikuwa anavifungua vikaratasi, anavisoma vyote vinne kwa haki kabisa, anatikisa kichwa kuwasikitikia watatu, kisha anaandika kitabuni namba yake. Aliita huko kusahihisha.

Kisha ikaja barua. Chama kimoja kikubwa cha watazama nyota, cha mbali, kilikuwa kimesikia habari za kitabu na kuomba nakala yake yote, miaka kumi na moja, mwisho wa mwezi huo. Wangeziunganisha namba zake na za watu wa kwingine. Ilikuwa barua ya heshima, na Jicho aliisoma akiwa amevaa shati la sikukuu. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa ziada: kama kuna mtazamaji yeyote ambaye namba zake hazikutokana na kutazama, tafadhali aondolewe kabla kitabu hakijatumwa, maana namba moja ya uongo inaweza kuharibu mia za kweli.

Jicho aliusoma mstari huo mara nne. Miaka kumi na moja ya shingo kukakamaa, na mtu mmoja wa mita anaweza kuigeuza kuwa karatasi ya kufungia karanga. Akaamua: kabla ya mwezi kwisha, mwongo ataonekana na atatoka. Awe kaka wa mke au awe kaka wa malaika.

Jioni hiyo juu ya dari aliwatazama watu kuliko alivyotazama anga. Giza lilikuwa limeingia punde, sayari ya Mshtarii imekaa juu ya paa za jirani, na kwenye darubini miezi yake minne imejipanga kama shanga. Shemeji alikuwa anauliza kwa nini Bi Haya ni mwekundu, na Mwalimu, ambaye kuulizwa swali kwake ni sawa na mwingine kuletewa pilau, akaanza. Nyekundu ni dalili ya ubaridi, alisema. Nyota za buluu na nyeupe ndizo za moto mkali. Bi Haya ni mzee aliyevimba, anavuta pumzi na kuishusha, na kila akivimba anapoa.

"Sasa mbona mke wangu akiwa mwekundu ndiyo natafuta mlango?" akauliza Shemeji.

Bi Tanuri alisema Mwalimu ana haki, hata tanuri lake liko hivyohivyo: makaa yakiwa mekundu mkate unachelewa, yakienda kwenye weupe geuka kidogo tu umeunguza. Mwalimu akafurahi kupata mfano wa bure. Akaongeza kwamba mwanga wanaouona usiku huo uliondoka kwa Bi Haya kiasi cha miaka mia tatu iliyopita, safari yote hiyo ukija kuingia kwenye tundu dogo la jicho la mtu.

"Na hapo mwisho," akasema Mwalimu, "rangi inategemea pia nani anaitazama."

Bi Tanuri akakohoa. Shemeji akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Jicho moyoni akaandika: wanazungumza kwa mafumbo mbele yangu.

Siku tatu baadaye alipita kona ya pili kununua mkate, akawaona wote watatu nyuma ya kiwanda, wameinamia kitu. Kilikuwa kidaftari cha jalada jeusi, kile cha kutia mfuko wa shati. Walipomwona, Shemeji alikifunga na kukikalia. Bi Tanuri akamkaribisha Jicho kwa shangwe ambayo mkate mmoja haustahili. Alipofika nyumbani akamkuta mke wake anazungumza kwa simu, na aliyoyasikia kabla hajakata ni haya: "Hapana, bado hajui. Ngojeni kwanza."

Basi hata nyumbani kumeingiwa. Jicho alikula bila kuonja. Alimuuliza mkewe alikuwa anaongea na nani. Akajibiwa kwamba na fundi cherehani. Akauliza basi huyo ambaye bado hajui ni nani, na hajui nini. Mkewe, aliyemwita kwa jina la pacha wao wawili, akasema, "Baba Pacha, kula."

Usiku huo, badala ya kulala, alitega mtego.

Ulikuwa mtego safi, na nausifu kwa kuwa aliyeutega alistahili sifa. Kama wanapeana namba za Bi Haya, basi asiwape Bi Haya. Jumamosi aliwaambia kwamba kuna zoezi. Watakaa chini karakanani, simu zote ziwe kwenye droo, chini ya ulinzi wa mke wake. Kila mmoja atapanda peke yake. Juu atakuta darubini imeshaelekezwa kwenye nyota asiyoijua, na pembeni mchoro wa majirani zake wenye namba. Ataandika. Kisha Jicho ataielekeza kwenye nyota ya pili, mtazamaji ataandika tena, na atashuka kwa ngazi ya nyuma, akae uani, asikutane na anayesubiri. Nyota zenyewe Jicho alizichagua mwenyewe saa moja kabla, moja nyeupe na moja nyekundu, wala hakumwambia hata paka.

"Mtihani wa kidato cha ngapi huu?" akauliza Shemeji akitoa simu.

"Cha wasema kweli," akajibu Jicho.

Shemeji aliiweka simu kwenye droo na kuifunga mwenyewe.

Walipanda mmoja mmoja. Mwalimu alitumia dakika kumi na tano na kusafisha miwani mara tatu. Bi Tanuri aliandika upesi, kama mtu anayehesabu mikate kwenye trei. Shemeji alikaa muda mrefu kuliko wote. Aliitazama nyota, akafumba jicho, akaitazama tena, akatazama majirani mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza. Jicho alisimama nyuma yake mikono kifuani akimngoja akisie, na kilichomuudhi ni kwamba hakuonekana anakisia. Mwisho Jicho mwenyewe akatazama na kuandika zake.

Kisha akawaita wote ndani. Akawasha taa ya meza, akafungua kopo mbele yao na kuvitandaza vikaratasi juu ya meza ya kuchongea lenzi, safu mbili.

Nyota nyeupe: nne nukta sita. Nne nukta sita. Nne nukta saba. Na yake, nne nukta sita.

Nyota nyekundu: tano nukta mbili. Tano nukta tatu. Tano nukta mbili. Na yake, nne nukta saba.

Jicho alivisogeza vikaratasi, akavipanga upya, kana kwamba mpangilio ndio wenye kosa.

"Mlikubaliana," akasema.

"Tukubaliane vipi, kaka yangu?" akasema Bi Tanuri taratibu. "Nyota umechagua wewe."

"Basi mlisemezana uani."

Mke wake, aliyekuwa amekaa karibu na droo ya simu, akasema hakuna aliyesemezana. Jicho akamgeukia. Akamwambia yeye hasa anyamaze, maana anajua habari za simu na fundi cherehani. Kisha maneno yakamtoka yote, yale ya miaka miwili: kwamba namba zilikuwa safi mpaka alipoletwa mtu wa kukisia, kwamba ameona kidaftari, kwamba barua imeagiza mwongo aondolewe na yeye ataagana na mwongo usiku huu huu, undugu baadaye.

Shemeji alimwacha amalize. Kisha akatoa kidaftari cheusi mfukoni na kukiweka juu ya meza, kimefunguka.

"Hapa nimevunja sheria yako, shemeji, na nitatoka nikimaliza kusema. Ila nisikilize."

Kazini kwao, alieleza, mtu anasoma mita mara moja lakini anaandika mara mbili: namba moja ya ofisi, moja yake, kwa sababu wateja ni wabishi. Ni mkono tu umezoea. Kwa hiyo kila kikaratasi alichotumbukiza kwenye kopo alikuwa na nakala yake. Na kila mwezi alipotazama mchoro ukutani aliona haufanani na alichoandika. Akadhani ni ugeni wake. Ndipo akamuuliza Bi Tanuri, Bi Tanuri akamuuliza Mwalimu, na wote wakajikuta wako mahali pamoja, mbali na mchoro. Hapo ndipo sheria ilipovunjwa, tena na watatu. Siku ya kwanza, Shemeji alikiri, alisema kwamba mzee anapika namba.

Jicho alifungua mdomo. Shemeji akainua kidole.

"Nikachora tofauti ya mchoro wako na namba zetu mwezi hadi mwezi. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kwenye kazi yangu. Namba za kukisia nazijua sura, nimezikisia mwenyewe. Zinarukaruka. Na mwizi wa maji namba zake zinaanguka ghafla, zinapanda ghafla. Ila mita iliyochakaa hairuki. Inakimbia upande mmoja, kidogo kidogo, kila mwezi zaidi. Ukiona hivyo humkamati mtu. Unabadilisha mita."

Akamgeuzia kidaftari. Mstari ulikuwa unapanda kama ngazi ya mtoto, kidato kwa kidato, miezi ishirini.

Mwalimu aliinama mbele na kufungua mdomo kufafanua, lakini Bi Tanuri akamkanyaga mguu. Hapakuwa na haja. Mtu pekee chumbani aliyeijua habari ile kuliko Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kichwa cha meza. Ni mara ngapi alikuwa amemkalisha mzee wa watu kwenye kile kiti, akamwangalia kwa taa na kumweleza kwa upole: lenzi ya ndani ya jicho lako imeanza kuingia unjano, baba, inazuia buluu, inaacha nyekundu ipite. Vyeupe vinafifia, vyekundu vinabaki. Hutambui mwenyewe, kwa sababu inakuja polepole. Na wazee wote walimjibu neno moja, kwamba wao wanaona vizuri tu, ni dunia ndiyo imechakaa.

Jicho alisema amechoka. Akawaomba waende. Hakumfukuza mtu, hakumbakiza mtu. Shemeji alichukua simu yake, akaacha kidaftari.

Asubuhi mke wake alimkuta karakanani, amekaa kwenye kiti cha wateja. Kwa miaka thelathini hakuwahi kukaa pale isipokuwa kushona mto. Mbele yake alikuwa amebandika ukutani karatasi moja kutoka kwenye rimu ya tano.

Mkewe alisimama pale Jicho alipokuwa akisimama, akachukua kile kijiko cheusi cha kuzibia jicho.

"Twende kazi," akasema. Akaliziba jicho la kulia, lile la darubini. "Ya kwanza." Akahamisha kijiko kwenye la kushoto. "Au ya pili?"

Jicho aliikodolea karatasi. Akamwomba arudie. Ya kwanza, ya pili. Akamwomba arudie tena. Kwa jicho la kushoto karatasi ilikuwa na unjano wa mbali tu, kama kola ya shati la jana. Kwa la kulia ilikuwa chai kabisa.

"Mashuka," akasema hatimaye.

"Meupe pepepe," akasema mkewe. "Nilikuambia mara mia. Siku ile ulipotaka kumrudisha fundi wa rangi ndipo nikamwambia Bi Tanuri kuna kitu. Tukawa tunatafuta namna ya kukwambia, na kila mmoja anamsukuma mwenzake. Nani amwambie Jicho habari za jicho?"

Jicho alijua jina la kile kitu, mkewe naye alilijua, na hakuweza kujizuia.

"Baba Pacha, mtoto wa jicho huyo. Umeniongezea wa tatu, wala hukuniambia."

Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nyingi Jicho kucheka ndani ya nyumba ile, na kicheko kikamtoka vibaya, kikachanganyika na kitu kingine, akalazimika kusingizia vumbi la lenzi.

Mtoto wa jicho anatolewa. Alikuwa ameshawapeleka watu wengi hospitali kwa jambo hilo hilo na kuwacheka walipoogopa, kwa hiyo alijiandikia barua ya rufaa mwenyewe, kwa mwandiko uleule, na kuogopa kimyakimya. Lililomuuma halikuwa hilo. Kitabu kilikuwa mezani. Mwezi wa kutuma ulikuwa umebakiza siku tisa, na kila namba ya miezi ishirini ya mwisho humo ilikuwa yake peke yake, imeandikwa kwa wino uliokolea, juu ya migongo ya watu watatu waliokuwa wameona sawasawa. Hakuna aliyekuwa anajua hilo kwa hakika. Wangeweza kudhani wastani ulivutwa na namba yake mbaya, basi. Angeweza kuliacha hivyo. Alikaa na wazo hilo mpaka chai ikapoa.

Jioni aliwaita. Walikuja kwa uangalifu, kama watu wanaoingia kwenye chumba cha mgonjwa. Shemeji alisimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Jicho aliwaambia alichokifanya, bila kukiita kusahihisha. Alisema barua imeagiza mtu ambaye namba zake hazikutokana na kutazama aondolewe. Zake zilitokana na kutazama, ila kitabu hakikutokana na kopo, na hilo ni baya zaidi. Akavuta funguo ya kopo kutoka shingoni, akamsogelea Shemeji na kumpa.

"Kuanzia leo unafungua wewe. Na uandike mara mbili."

Shemeji aliigeuzageuza funguo mkononi.

"Na sheria? Mimi si nimetoka?"

"Umetoka. Na hawa wawili wametoka. Na mimi nimetoka. Sasa kikundi hakina mtu, kwa hiyo tunaanza kipya. Ingia ndani, unaingiza mbu."

Mwalimu, aliyekuwa amevumilia siku nzima, akapata nafasi. Alisema namba za Jicho zisitupwe. Kosa linalokimbia upande mmoja ni kosa linalopimika, na vikaratasi vyote vya zamani vimo kwenye maboksi. Wanaweza kuandika namba zote nne, wazi, na pembeni waeleze ile ya nne imetoka kwenye jicho la namna gani. Huko kwenye chama kikubwa, alisema, kuna watu watazifurahia zile zaidi ya nyingine zote. Bi Tanuri akasema basi, angalau wataalamu watajua Bi Haya anavyoonekana na mume mwenye wivu.

Ila kitabu chenyewe kilihitaji kunakiliwa upya, kuanzia ukurasa wa kwanza wa miezi ile.

Mwenye duka la karatasi alimwona Jicho kutoka mbali. Hakusubiri salamu. Aliinuka, akaanza kupekua rafu ya juu kutafuta chapa ya sita, ambayo hata yeye hakuwa na hakika kama ipo.

"Shuka tu, mwanangu," akasema Jicho. "Nipe ile ya kwanza niliyokurudishia. Rimu mbili."

Mwenye duka alishuka polepole, akaiweka kaunta, akangoja. Jicho alichomoa karatasi moja, akaiinua dirishani, akafumba jicho la kulia.

"Nyeupe," akasema, akailipia.